Kibali cha Nyumba Kumi na Mbili

Ipo Jumanne moja ambayo huwa inanirudia, mwanangu, hasa siku hizi ninapokusikia ukisema kwamba nchi imeisha na kila mtu ajitafutie. Ilikuwa saa nane mchana, jua likichoma mabati ya mtaa wetu wa Tena, nami nimepiga magoti mlangoni pa jirani yangu Mama Halima, nikijifanya natafuta ubovu kwenye bomba lake. Nilijua vizuri kwamba bomba lile halikuwa na ubovu wowote. Ubovu ulikuwa jikoni kwangu, umefunikwa godoro kuukuu.

Nitakueleza kwa utaratibu, kwa sababu jambo hili likisimuliwa harakaharaka linaonekana dogo.

Ua wetu una nyumba kumi na mbili, sita upande huu na sita upande ule, na bomba moja tu linaloingia langoni. Bomba hilo hupita nyumba ya kwanza, ya pili, hivyo hivyo mpaka ya kumi na mbili, na kila nyumba ina tawi lake na koki yake nje ya mlango. Sisi tulikuwa nyumba ya tatu. Mama Halima alikuwa mwisho kabisa. Chumba chake cha mbele alikigeuza mahali pa kulelea watoto wadogo ambao mama zao hushinda kazini. Alikuwa na watoto kumi na mmoja, na mmoja wao alikuwa binti yangu Nekesa, ambaye wakati huo alikuwa hajaanza kutembea. Mke wangu alishona nguo kiwandani. Mimi kila asubuhi nilikwenda kusimama kwenye malango ya viwanda nikitafuta kibarua. Bila Mama Halima, mmoja wetu angelazimika kubaki nyumbani.

Miaka ile mambo yalikuwa yameharibika kwa namna ambayo ungeitambua. Kiwanda cha sabuni nilichofanyia kazi kilifungwa asubuhi moja. Tulikuta kufuli, na askari wa lango ambaye hata yeye hakujua nani atamlipa. Bei ya unga ilibadilika ukiwa bado njiani kwenda dukani. Tuliowapigia kura walikuwa wakirushiana viti mikutanoni huku taka zikipanda mpaka madirishani. Maji nayo, yaliyokuwa yakija kila siku, yakawa yanakuja mara mbili kwa wiki, na saa yake haikujulikana. Ungesikia bomba linakohoa hewa, watoto wapige kelele, kisha ua mzima ukimbilie koki.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane. Shule niliiacha kidato cha pili, lakini vitabu vya ufundi nilivinunua kwa wauzaji wa kando ya barabara, vingine havina jalada, nikavisoma polepole na kamusi mkononi. Nilijifunza umeme, nikajifunza mabomba. Nilikuwa nimeanza kuitwa fundi, na jina hilo nililipenda kuliko nilivyokubali.

Basi nikatafuta pampu iliyotupwa, nikaifungua, nikaitengeneza, nikaiunga moja kwa moja kwenye bomba chini ya sinki letu. Hesabu zangu zilikuwa sahihi. Maji yakija, pampu iliyavuta kwa nguvu, na mapipa yangu mawili yalijaa kabla jirani hajamaliza ndoo ya pili. Ili mngurumo usisikike nililikunja godoro la zamani juu yake, na juu ya godoro nikatandika kitambaa cha maua. Mgeni angedhani ni kiti.

Mke wangu aliuliza mara moja tu. “Na wale wa huko mwisho?”

“Wa huko mwisho waulize serikali,” nikamjibu.

Niliamini nilichosema. Nilijiambia kwamba wenye jukumu wameshindwa, kwamba mwenye akili huiokoa nyumba yake kwanza, na kwamba pampu nimeitengeneza kwa mikono yangu bila kumwibia mtu. Angalia vizuri jinsi nilivyoyapanga maneno hayo, mwanangu. Kila moja lina ukweli ndani yake, ndiyo maana ilinichukua muda kuona kwamba yote kwa pamoja yalikuwa uongo.

Wiki mbili baadaye Nekesa akaanza kurudi nyumbani na nepi ile ile ya asubuhi. Mapajani akatokwa na vipele. Jumanne hiyo sikupata kibarua, nikarudi mapema, na hasira zangu zote za kukosa kazi nikazipeleka nyumba ya kumi na mbili.

“Mama Halima,” nikasema nikiwa bado mlangoni, “huyu mtoto haoshwi?”

Alikuwa amempakata mtoto mmoja, mwingine amemshika vidole, na kwenye karai palikuwa na nepi zilizorundikwa kavu.

“Karibu kwanza, Baba Nekesa. Salamu haina kosa.”

Nikasalimu.

“Kwangu bomba linapumua tu,” akasema. “Wiki ya pili hii. Wenzangu wanapata, mimi nasikia upepo. Maji ya mkokoteni nanunua ya kupikia uji, nepi nazifua kwa maji niliyooshea vyombo. Nimewaambia mama zao, mwezi ukiisha nafunga. Nitaenda kwa dada yangu, kule Huruma. Sitaki mtoto wa mtu augue mikononi mwangu.” Kisha akaniangalia kama mtu aliyepata wazo zuri. “Na wewe si fundi? Hebu niangalilie basi. Labda kuna uchafu umekwama.”

Hapo ndipo ningeweza kusema. Badala yake nikaenda kuchukua spana. Nikapiga magoti mlangoni pake, nikafungua kiungo, nikapuliza, nikachungulia, nikafunga tena. Nikamwambia kwa sauti ya kitaalamu kwamba bomba lake ni zima, shida ni nguvu ya maji kutoka huko yanakoanzia.

“Haya. Angalau nimejua,” akasema. Akanipa chai ya maziwa ndani ya kikombe kizuri, akaniombea dua kwamba Mungu anifungulie kazi. Nikainywa ile chai. Nikaimaliza.

Nyumba ya saba alikaa Mzee Ouma, aliyestaafu kutoka shirika la reli. Miaka yake yote alikuwa mtu wa ishara katika stesheni ndogo za njia moja, zile ambazo treni mbili zikikutana hakuna pa kupishana. Alikuwa mlangoni kwake akirekebisha redio, na aliniona nikienda na spana na nikirudi nayo. Ijumaa, maji yalipokuja, akabisha kwangu.

“Nimekuja kuazima chumvi,” akasema, na kabla sijamjibu akapita mpaka jikoni, akakaa juu ya kitambaa cha maua.

Akapapasa kitambaa kwa kiganja.

“Baba Nekesa,” akasema, “kiti chako kina joto.”

Pampu ilikuwa ikitetemeka chini yake, na kofia yake ikitetemeka pamoja nayo. Nikainama nikaizima. Tukasikia, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, watoto wa upande wa pili wakipiga kelele kwamba maji yamefika.

“Ni kosa la serikali, mzee,” nikasema hatimaye. “Maji hayatoshi.”

“Maji kuwa kidogo ni kosa la serikali,” akasema. “Hilo tutawafuata nalo. Lakini Halima kukosa hata hayo kidogo ni kosa lako. Usiyachanganye, fundi. Mtu wa reli akichanganya njia mbili, watu wanakufa.” Akasimama, akakung’uta suruali. “Na mtoto wako anashinda kwa nani?”

Alikwenda mpaka mlangoni, akageuka.

“Mimi sitamwambia mtu. Utamwambia wewe. Na chumvi usisahau kunipa, kweli imeisha.”

Nimesoma vitabu vingi tangu siku hiyo, na sijakuta ukurasa ulionifundisha zaidi ya maneno yale machache.

Nilimwendea Mama Halima jioni ile ile, watoto walipokuwa wakichukuliwa. Nilimweleza yote, pampu, godoro, na spana ya Jumanne. Nilitegemea apige kelele. Aliendelea kukunja nepi. Alipofika ya mwisho akasema, “Na chai yangu ukanywa.”

“Nilikunywa.”

“Maziwa yale niliazima, Baba Nekesa.”

Ni hayo tu. Afadhali angenipiga na karai.

Ningependa kukuambia kwamba baada ya hapo nilifanya jambo la busara. Nilifanya kosa lingine. Aibu ilinisukuma nitengeneze mambo peke yangu, kwa akili yangu, kama nilivyoyaharibu. Nikaing’oa pampu, nikakesha na rula, nikachora ratiba: kila nyumba na dakika zake, kuanzia saa moja asubuhi, imeandikwa kwa wino wa rangi mbili. Nikaibandika langoni. Ilikuwa ratiba nzuri sana. Maji yaliyofuata yakaja saa kumi alasiri, wakati ratiba ilikuwa imekwisha, yakakatika baada ya muda mfupi, na ua ukagombana kuliko zamani. Kevo wa nyumba ya nane, kijana mwenye mdomo mwepesi, akasimama mbele ya karatasi yangu akaisoma kwa sauti ya mhubiri.

“Fundi, hii kitu umeandika ni poa,” akasema, “lakini maji haijui kusoma.”

Watu wakacheka. Mama Halima hakucheka. Alikuwa ameshaanza kufunga vyombo kwenye gunia.

Jumamosi Mzee Ouma akaja kunichukua nyumbani. Tulitembea wawili mpaka Kariokor, kwa fundi wa viatu ambaye alimjua tangu siku za reli. Alikuwa amebeba nondo nyembamba aliyoikunja kuwa duara, kubwa kama usukani wa gari, na akaagiza mfuko mdogo wa ngozi ushonwe chini yake. Tukisubiri, akanieleza kazi yake ya zamani. Kwenye njia moja ya reli, dereva haruhusiwi kuingia kipande cha njia mpaka akabidhiwe duara kama lile. Liko moja tu kwa kila kipande. Aliyelishika anapita, asiyelishika anangoja, hata injini yake iwe kubwa namna gani. Wao wafanyakazi waliliita kibali.

“Ratiba yako inategemea saa,” akasema. “Sisi treni zilichelewa kila siku. Hatukutegemea saa. Tulitegemea mkono wa mtu.”

Jumapili baada ya ibada aliwaita wenye nyumba zote kumi na mbili. Mbele yao nilikiri habari ya pampu, na wengine walinitukana kwa haki. Kisha, kwa spana ile ile, nikapita mlango kwa mlango nikaondoa mipini yote ya koki. Mipini kumi na mmoja tukaifungia kwenye kopo kwa Mzee Ouma. Mmoja tukautia ndani ya mfuko wa ngozi. Tangu hapo, hakuna nyumba iliyoweza kufungua maji bila kile kibali mkononi.

Kanuni zilikuwa chache, na nazikumbuka kama jina langu. Tunaanza mwisho wa bomba, nyumba ya kumi na mbili, tunarudi mpaka ya kwanza. Kila nyumba inajaza vyombo tulivyokubaliana, na ya Mama Halima inaongezewa vya watoto. Maji yakikatika, kibali kinalala pale kilipofika, na siku nyingine kinaendelea kutoka hapo, ili asiwepo wa kupoteza zamu yake. Na kanuni ambayo mzee aliishikilia kuliko zote: kibali hakiachwi mlangoni wala hakitupwi juu ya ukuta. Kinatoka mkono kwenda mkono. Anayepokea anauliza, “Njia iko wazi?” Anayetoa anajibu, “Iko wazi, nimefunga.”

Kevo alikirusha mara moja, wiki ya kwanza, kikamwangukia jirani kwenye ndoo. Mzee akamrudisha. Kijana akakichukua kwa mikono miwili, akainama kama anayemkabidhi chifu mkuki, akasema, “Njia iko wazi, mheshimiwa, nimefunga.” Alikuwa anadhihaki. Lakini tangu siku hiyo hakukirusha tena.

Siku ile ya kwanza maji yalikuja saa tano. Sote tulisimama nje, tukimtazama Mama Halima akitia mpini kwenye koki yake. Bomba likakohoa, likatema kutu, kisha maji yakatoka manene, yakapiga karai mpaka yakaruka kwenye gauni lake. Hakusogea. Alipomaliza alinitafuta kwa macho. “Fundi!” akaita. “Sasa njoo unywe chai.” Mwezi ukaisha, na hakuhama.

Sitaki udhani ua wetu uligeuka pepo. Kuna waliojaza chombo cha ziada wakidhani hatuoni. Lakini ilikuwa vigumu kumwibia mtu ambaye baada ya dakika chache lazima umtazame machoni na kumpa kibali. Na pamoja na hayo, hatukuwasamehe wenye kazi yao. Kila mwezi Mzee Ouma aliandika barua kwa ofisi ya maji, nyumba zote kumi na mbili zikatia sahihi, na nakala tukaihifadhi. Alisema kugawana uhaba vizuri kusiwe sababu ya kuwafanya wakubwa walale. Ilichukua muda mrefu kabla hawajaja kubadilisha bomba kuu. Maji yakawa siku tatu badala ya mbili. Si ushindi wa kupigiwa vigelegele, lakini niliupokea.

Kitu kimoja hatukukitarajia. Asubuhi moja, miaka kadhaa baadaye, Kevo alikuja mbio na kibali begani.

“Baba Nekesa, kam uone. Mzae hafungui, na redio inaongea.”

Angekuwa na ruhusa ya kukiacha mlangoni, angekiacha akaenda zake. Kwa sababu alilazimika kumpa mtu mkononi, alingoja, akashangaa, akaja kuniita. Tukasukuma mlango. Mzee Ouma alikuwa sakafuni, upande mmoja wa mwili umemlegea, macho wazi. Kevo alimbeba mgongoni mpaka barabarani, na daktari akatuambia kwamba tungechelewa kidogo tu tungemkosa. Alirudi akitembea na fimbo, maneno yake yakitoka taratibu, na tukawa naye miaka minne zaidi. Siku ya kwanza ya kurudi nilimletea kibali, mimi na Kevo. Mkono wa kulia ulikataa. Akanyoosha wa kushoto. “Njia… iko wazi?” akauliza, na Kevo, ambaye sijamwona akilia kabla wala baada, akatokwa na machozi.

Sasa mimi ndiye nina mvi. Kibali kipo bado. Mfuko wake umeshonwa upya Kariokor mara tatu. Nyumba ya kumi na mbili bado inalea watoto, ingawa Mama Halima anakaa zaidi kwenye kiti, na wajukuu wake ndio hufua. Nekesa, aliyekuwa na vipele, ana shahada na bado anatafuta kazi. Juzi alirudi amechoka, akavua viatu, akasema maneno yale yale unayoyasema wewe. “Baba, hawa watu wametumaliza. Kila mtu ajisort tu.” Sikumbishia kuhusu hao watu. Kisha bomba likakohoa. Akainuka bila kuambiwa, akaenda kupokea kibali nyumba ya kwanza, akampelekea Mama Halima, maana siku hiyo zamu ilikuwa inaanza upya. Kutoka mlangoni kwangu nilimsikia yule bibi akiuliza, na binti yangu akijibu. Wakaanza kucheka juu ya jambo ambalo sikulisikia, nami nikakaa nikitazama, nikiwa mtu aliyeridhika.

Basi nasaha yangu ni hii, na nitaisema wazi usije ukaitafuta. Serikali ikishindwa, itajie kosa lake kwa jina, iandikie, iulize, piga kura, usichoke. Lakini kosa lake lisiwe kitambaa cha maua cha kufunikia la kwako. Kabla hujajiokoa, fuata bomba lako mpaka mwisho uone linaishia kwa nani; mara nyingi utakuta ndiye anayekulelea mtoto. Ujuzi wako uweke mahali ambapo wengine wanaweza kuushika. Ukikosea, nenda ukaseme siku ile ile, kabla hujapewa chai. Na mnapogawana kidogo mlichonacho, msigawane kwa karatasi iliyobandikwa ukutani. Gawaneni kwa mikono, ili ajulikane aliye mgonjwa, aliyehama, na aliyenyamaza.

Mungu akupe nyumba yenye majirani pande zote, mwanangu. Akupe mzee wa kukaa juu ya siri yako mpaka aone joto, na asiitangaze. Usikose maji, na yakipungua usikose wa kugawana naye. Na siku utakapofika wakati wa kukabidhi, upate mkono wa kupokea, na uweze kusema bila kuinamisha macho: njia iko wazi, nimefunga.